Nyegere Asiyejua Kutema

— Niwape, nisiwape?
— Tupe!
— Ya kumeza au ya kutafuna?
— Ya kutafuna!
— Wenye meno wako wapi?
— Tupo hapa!
— Yaonyesheni basi, niyaone.

Lo! Fungeni, fungeni. Shamte, wewe leo umekula nini, mbona meno yana rangi ya majani? Usinijibu. Kaeni chini nyote, na Tunu aache kucheka, maana mimi nikikatishwa nasahau, nikisahau nakasirika, na nikikasirika hamna hadithi.

Palikuwa na kilima. Kilima kilikuwa na mawe, katikati ya mawe palikuwa na miti, ndani ya miti palikuwa na mizinga ya nyuki, na mizinga yote, yote kabisa, ilikuwa ya mtu mmoja. Mtu gani huyo? Nyegere.

Mnamjua Nyegere? Mgongo mweupe, tumbo jeusi, ngozi ngumu isiyosikia mwiba wala mchomo wa nyuki. Akikasirika njiani, simba hujifanya anaangalia ndege.

Aliipataje mizinga yote? Aliipata barazani. Kilima kile kilikuwa na desturi yake. Siku ya baraza, mwenye jambo hulisema mbele ya watu, na Kanga, mpiga mbiu, hulitangaza mara tatu. Anayepinga hupinga kwa neno, kwa kinywa chake mwenyewe, wote wasikie: "Napinga!" Si kutikisa kichwa. Si kukunja uso. Neno. Kanga akimaliza mara ya tatu na hakuna neno, hupiga bawa, pa! "Limepita!" Na likipita, limepita, awe mkubwa, awe mdogo.

Basi siku moja Nyegere akasimama akasema, "Mizinga yote ni yangu." Kanga akatangaza mara ya kwanza. Watu wakatazama kucha za Nyegere, wakanyamaza. Akatangaza ya pili. Wakatazama tena zile kucha, wakanyamaza. Ya tatu, kimya. Pa! Limepita. Watu wakaenda nyumbani kula mizizi.

Tangu hapo, asubuhi Nyegere anakula asali. Mchana asali. Jioni asali. Akilala, ana bonge la sega shavuni, asije akaamka akakuta kinywa kitupu. Na kilichoingia hakitoki! Asali anameza, nta anameza, nyuki anameza, hata kijiti kilichonasa asali anakimeza.

Jirani zake walimwambia, "Bwana Nyegere, sukutua kinywa japo mara moja."

"Kusukutua ndiyo nini?"

"Unatia maji kinywani, unayazungusha, halafu unayatema."

"Unayatema?" Nyegere alicheka mpaka akaketi. "Kitu kimeshaingia kinywani mwangu, nikitoe? Mimi nina wazimu?"

Ufizi ukaanza kuvimba. Ukawa mwekundu, kisha ukawa wa zambarau. Akiamka, mate yana damu. Akipumua, nzi wanabadilisha njia. Na ufizi wenyewe unampiga: pwi! pwi! pwi! Anakaa, pwi! Anasimama, pwi! Anaramba asali apate kupoa, pwi pwi pwi!

Sasa siku hiyo, akiwa na maumivu yake, akamkuta Bi Kobe njiani. Nyegere na tamaa yake akamrukia, akamuuma gambani, kwa!

"Mamaaa!"

Aliyelia ni nani? Bi Kobe? Wapi! Aliyelia ni Nyegere. Meno yalicheza kama vigingi kwenye matope. Lakini kumwachia hakumwachia. Akamburuta, kwaru, kwaru, kwaru, mpaka mlangoni kwake, akamgeuza chali, miguu juu.

"Kaa hapo," akasema. "Ufizi wangu ukipona, nitakutafuna."

Halafu akaita kilima kizima: "Anayejua dawa ya ufizi na aje!"

Nani alikuja? Hakuja mtu. Akaja Kirukanjia peke yake.

Kirukanjia ni yule mdogo wa pua ndefu mnayemwona akipita kando ya ukuta, nusa-nusa, nusa-nusa. Ananuka, ni kweli, na ndiyo maana hakuna anayemla. Hata paka akimkamata humwacha hapohapo. Lakini sifa yake hasa si harufu. Sifa yake ni kuuliza. Akiona jani, "Hili chungu au tamu?" Anaonja. Akiona shimo, "Humu mna nani?" Anaingia. Mama yake alichoka kumjibu tangu akiwa hajafumbua macho.

Na Bi Kobe alikuwa shoga yake. Mvua ikinyesha, Kirukanjia huingia chini ya gamba la Bi Kobe, wakasikiliza matone, to! to! to!, wakisengenya kilima kizima mpaka mvua ikatike. Leo amemkuta shoga yake yuko chali, miguu inapapasa hewa. Roho ilimuuma, jamani. Machozi yalimtoka, yakateremka pua nzima, na pua ile ni ndefu.

"Unalia nini, we kinuka?" akauliza Nyegere.

"Nalilia ufizi wako, Bwana. Fungua kinywa nione."

Nyegere akafungua. Kirukanjia akajikaza, akaingiza kichwa, nusa-nusa.

"Lo!"

"Nini?"

"Huku nyuma kuna nyuki."

"Wa leo?"

"Wa kiangazi kilichopita, Bwana. Je, unasukutua?"

"Sisukutui."

"Unapiga mswaki?"

"Mswaki wa nini?"

"Je, umewahi kutema kitu? Mbegu? Ganda? Mate?"

Nyegere alifikiri mpaka akachoka. "Kilichoingia kwangu ni changu," akasema.

"Ahaa," akasema Kirukanjia. Akatoa kichwa, akavuta hewa safi. "Na nikikuponya, utamwachia shoga yangu?"

"Ukiniponya, nitamtafuna. Ndiyo maana nataka kupona!"

"Na nisipokuponya?"

"Kesho jua likitua kabla ufizi haujatulia, nitamviringisha mpaka ukingoni mwa jabali, nimsukume, apasuke huko chini, nikamlambe. Kulamba hakuhitaji ufizi."

Mmeona mambo? Dawa ikishindwa, Bi Kobe analambwa. Dawa ikifaa, Bi Kobe anatafunwa. Ingekuwa wewe, Tunu, ungefanyaje? Ungekimbia. Nakujua.

Kirukanjia akaenda kwa Bi Kobe, akamnong'oneza sikioni. "Shoga, uko salama?"

"Shoga, mimi niko chali," akajibu Bi Kobe. "Sikia, usimponye huyo mtu. Mwache meno yamdondoke."

"Nisipomponya atakusukuma."

"Basi mponye nusu."

"Nusu inaponywaje?"

"Mimi najuaje? Wewe ndiye mwenye kuuliza-uliza kila siku. Leo uliza lenye maana!"

Kirukanjia akaondoka, anatembea na kuuliza. Dawa ya ufizi anaijua; hilo halikumsumbua. Aliijuaje? Kwa udaku. Nyuma ya uzio wa mama mmoja mkulima aliwahi kumwona yule mama akichemsha majani ya mpera, akatia majani machache ya mwarobaini na chumvi kidogo. Akayaacha yapoe yawe vuguvugu, akayatia kinywani, gulugulu, gulugulu, halafu ptu! kwenye shina la mgomba. Kirukanjia alishangaa sana. Kama ni kizuri, kwa nini hamezi? Kama ni kibaya, kwa nini anatia? Akarudi kesho yake, na kesho yake tena. Mwisho akaonja mwenyewe matone yaliyobaki sufuriani. Mpera ulimkaza ufizi. Chumvi ikamchoma kidogo. Mwarobaini ulimkunja uso mpaka pua ikapinda. Akajaribu kumeza, koo likakataa. Akatema. Baadaye akajiramba, akakuta kinywa ni chepesi, kimetakata.

Sasa akawa anayawaza mambo yale upya. Yule mama anapokuwa na maji kinywani, jirani akimwita, anaitikaje? "Mmh." Jirani akimwambia naazima ungo wako, anasemaje? "Mmh." Na jirani anachukua ungo! Kirukanjia akasimama katikati ya njia. Akauliza swali moja tu, na lilikuwa zuri: "Je, kesho si siku ya baraza?"

Akarudi mbio kwa Nyegere.

"Bwana, dawa ipo. Lakini ina masharti."

Mganga gani asiye na masharti? Nani angemwamini? Nyegere akaitikia kwa kichwa. "Sema."

"Sharti la kwanza, utaitia kinywani barazani, mbele ya watu."

"Kwa nini mbele ya watu?"

"Unataka kupona kichakani kama mwizi, au unataka wakuone mkubwa wao anavyopona?"

"Wanione," akasema Nyegere.

"Sharti la pili, utaizungusha kinywani, hutaitoa mpaka mimi nikwambie 'tema'. Ukiitoa kabla ya hapo, meno yatatoka nayo."

"Nitoe?" Nyegere akacheka. "Mimi? Na nikiimeza?"

"Sharti hilo sijaliwekea, Bwana. Hata mimi natamani kujua."

Kesho yake baraza likajaa. Kanga amesimama juu ya jiwe. Bi Kobe ameletwa hivyohivyo, chali, kwa kuwa Nyegere hakutaka kumwacha nyumbani asije akaibiwa. Kirukanjia akaja na kibuyu cha maji ya majani, vuguvugu, rangi ya chai.

"Fungua, Bwana."

Nyegere akafungua. Watu wa mbele wakarudi nyuma. Kirukanjia akamimina, na akamimina, mpaka mashavu yakajaa.

Gulugulu, gulugulu, gulugulu.

Uchungu ukampanda Nyegere mpaka kwenye masikio. Macho yakamtoka. Lakini anavumilia, maana mbele yake anamwona Bi Kobe, mnene, na mate yanamjaa juu ya dawa.

Kanga akauliza, "Nani ana jambo?"

"Mimi ninalo," akasema Kirukanjia. "Bi Kobe ni mtu huru. Aende zake, na Nyegere asimguse, leo wala siku nyingine."

Baraza zima likavuta pumzi kwa pamoja. Hawajawahi kusikia jambo kama hilo.

Kanga akatangaza, "Bi Kobe ni mtu huru! Mara ya kwanza! Anayepinga apinge!"

"Mmmmh!" akasema Nyegere.

"Bwana Nyegere, unasemaje?"

"Mmmh! Mmmmmmh!"

Kanga akainamisha shingo. "Nasikia mlio. Sisikii neno."

"Ni dawa inafanya kazi," akasema Kirukanjia.

Nyegere akapiga mguu chini, tih! Akanyoosha kucha. Kirukanjia akamsogelea sikioni. "Taratibu, Bwana. Likitoka tone, linatoka na jino." Nyegere akapitisha ulimi harakaharaka: hili lipo, na hili lipo, na hili linacheza lakini lipo. Akafunga midomo zaidi.

"Bi Kobe ni mtu huru! Mara ya pili! Anayepinga apinge!"

"Mmmh! Mmmh! Mmmmmmh!"

Wadogo wakaanza kucheka. Wakubwa wakajifanya wanakohoa. Bi Kobe, kule chini, miguu imeacha kupapasa, anasubiri.

Sasa Nyegere ana njia gani? Kusema anataka. Kutema hawezi, hata bila masharti ya mganga, hajui pa kuanzia, kwa sababu hajatema tangu azaliwe. Basi akafanya anachokijua. Akakaza shingo, akafumba macho, akameza.

Thubutu! Mwarobaini ulifika kooni, koo likaurudisha. Akaumeza tena, ukarudi tena. Dawa nyingine ikapita puani. Kho! Kho! Kho! Nyegere anakohoa, anapiga chafya, anajikunja kama jongoo.

"Mara ya tatu! Anayepinga apinge!"

"Kho! Na... kho! Nap... kho kho!"

Pa!

"Limepita!"

"Napinga!" Dawa yote imeishia puani, Nyegere akapata sauti. "Napinga! Napinga mara zote tatu!"

"Limeshapita, Bwana," akasema Kanga.

"Basi nitamla tu! Nani atanizuia?"

Hakika hakuna aliyeweza kumzuia. Kirukanjia ndiye aliyesogea, mdogo vile. Aliogopa, nawaambia, aliogopa mpaka harufu yake ikaongezeka.

"Mle, Bwana," akasema. "Mle, tuone. Ila mimi nina swali moja. Mizinga ilikuwaje yako? Si ilipita hapahapa, mara tatu, kwa bawa hilihili? Basi ukivunja hili, na lile limevunjika. Sisi tutapanda mitini jioni hii hii, wote kwa pamoja. Unaweza kulinda miti mingapi?"

Nyegere akamtazama Bi Kobe. Akaitazama miti. Kobe mmoja. Miti mingi. Akamtazama tena Bi Kobe. Tamaa ikapigana na tamaa, na kubwa ikaishinda ndogo.

"Mgeuzeni," akasema.

Wakamgeuza Bi Kobe, pu! akasimama kwa miguu yake. Akaanza kwenda. Kwaru... kwaru... kwaru... Akapita mbele ya pua ya Nyegere. Kwaru... kwaru...

"Hawezi kwenda haraka?" Nyegere akaguna.

"Hiyo ndiyo haraka yake," akasema Kirukanjia.

Kwaru... kwaru... Ilimlazimu Nyegere kumtazama mpaka alipopotea nyuma ya jiwe, na jiwe lenyewe lilikuwa karibu.

Mnadhani yameisha? Hayajaisha. Dawa ile ilikuwa dawa kweli. Jioni, Nyegere akagusa ufizi, akakuta pwi moja haipo. Akamfuata Kirukanjia. Safari hii hakumwita kinuka.

"Mama mganga, nipe nyingine nikatumie nyumbani."

"Bwana, bila watu hii si dawa. Ni mchuzi wa majani. Njoo siku ya baraza."

Nyegere akaapa haendi. Ufizi ukasema pwi. Akaenda. Gulugulu, gulugulu, na Kanga akauliza nani ana jambo, na Sungura akasimama: "Mzinga wa kwenye mkuyu ni wa watoto wetu." Mmmh! Mmmmmh! Pa! Limepita. Baraza lililofuata Nyegere akaapa tena haendi, ufizi ukasema pwi, akaenda. "Mzinga wa kwenye mgunga ni wa wazee." Mmmh! Mmmmmh! Pa! Na kila mzinga ulipoondoka, asali ilipungua kinywani. Na asali ilipopungua, ufizi ukazidi kupoa. Na ufizi ulipopoa, Nyegere akazidi kuiamini dawa.

Mpaka kukafika siku akatazama maji ya kisima akafungua kinywa. Meno meupe, yamesimama. Ufizi imara, rangi yake nzuri. Hakuna pwi, hakuna damu, nzi wanapita karibu bila wasiwasi. Akayagonga meno kwa furaha, ka! ka! ka! Kisha akageuka kutafuta kitu cha kutafuna, akatazama huku, akatazama kule. Kilima kizima hakikuwa na kitu chake hata kimoja.

Sasa funzo. Kaeni sawa, funzo halisikilizwi kwa kujilaza.

Funzo la hadithi hii ni kwamba msisukutue. Mmenisikia? Nyegere alipokuwa na kinywa kibovu alikuwa tajiri. Kinywa kilipotakata, akawa maskini. Mpera, mwarobaini, chumvi, vyote hivyo ni hasara tupu. Anayetaka mali na ayaache meno yake yaoze kwa amani.

— Lakini Shangazi, Bi Kobe alipona!

Bi Kobe? Tunu, mwanangu, kobe hana hata jino moja kinywani. Utajifunza nini kuhusu meno kwa mtu kama huyo?

Hadithi yangu nimeshaizungusha kinywani vya kutosha, naitoa. Aliyeiona tamu aimeze. Aliyeiona chungu aiteme. Ila asiitemee mkekani kwangu.